Pancha ya Baiskeli ya Umeme: Lisome Tundu Kabla ya Kuliziba

Saa nane mchana, kati ya Mapinga na Kerege kwenye barabara ya Bagamoyo, tairi langu la nyuma liliisha upepo. Mkobani nilikuwa na tyubu mpya, pampu, na spana namba 15 inayofungua gurudumu la mbele. Nati za nyuma, zile zinazoshika ekseli ya mota, ni namba 18. Sikuwa nayo. Nikaisukuma baiskeli ya kilo ishirini na tano juani hadi kwenye kibanda cha fundi pancha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Spana ya nini tena? Gurudumu lenye waya halitolewi kwa sababu ya mwiba."

Akailaza baiskeli ubavu juu ya gunia, upande wa cheni ukiwa chini. Akavua ukingo mmoja tu wa tairi kwa vijiko viwili vya kung'olea tairi, akavuta tyubu nje kidogo kidogo, akalipata tundu, akaziba, akairudisha tyubu mahali pake. Mota haikuguswa, nati hazikuguswa. Mpaka leo ndivyo ninavyoziba pancha zangu za nyuma, na ndivyo ninavyomshauri kila anayenunua baiskeli yenye mota kwenye kitovu cha gurudumu: jifunze kwanza kuziba bila kulitoa gurudumu, halafu jifunze kuuliza tundu limetoka wapi. Mengine yote hapa chini yanatokana na hayo mawili.

Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme kwenye kitufe, kisha toa betri kabisa. Baiskeli inakuwa nyepesi, na hakuna hatari ya mkono kugusa kitufe cha mwendo gurudumu likazunguka vidole vikiwa kwenye spoki. Ukiamua kuipindua miguu juu, weka ndala au kipande cha godoro chini ya vishikio ili kioo cha usukani, kile kinachoonyesha mwendo na chaji, kisibebe uzito. Mimi huilaza. Breki za mafuta hazipendi kukaa kichwa chini, hewa inaweza kuingia kwenye mrija na breki ikawa laini.

Upepo umeisha ghafla ukiwa njiani

Usikimbilie kuitoa tyubu. Zungusha gurudumu taratibu ukilitazama tairi kwa nje, inchi kwa inchi. Mara nyingi mhalifu bado yupo: msumari, kipande cha chupa, mwiba wa mgunga, au mbigiri. Mbigiri ndiyo inayowasumbua wengi wanaokatiza njia za vumbi wakati wa kiangazi. Ni kijipunje kikavu chenye pembe, kinalala kwa namna ambayo pembe moja lazima itazame juu. Ukiikuta, weka alama kwa kalamu kwenye ukuta wa tairi kabla ya kuing'oa, maana ukiing'oa bila alama umepoteza ramani.

Kama nje hakuna kitu, vua ukingo wa tairi upande usio na cheni, vuta tyubu, ipe upepo hadi ivimbe kidogo kuliko kawaida, uipitishe karibu na mdomo au shavu. Ngozi ya mdomo inahisi upepo ambao sikio halisikii, hasa barabarani penye kelele za malori. Ukilipata tundu, litazame umbo lake.

Tundu moja dogo upande unaogusa lami ni kitu kilichochoma kutoka nje. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mahali hapo, kitambaa kitanasa kwenye ncha iliyobaki. Usipitishe kidole kitupu. Matairi ya malori yanapopasuka huacha nyuzi nyembamba za chuma kando ya lami, na uzi mmoja kama huo unaweza kukaa ndani ya mpira bila kuonekana, ukitokeza milimita moja tu. Huo hutolewa kwa koleo ndogo, kucha hazifai.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, hayakusababishwa na mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo au tuta kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Viraka viwili vitakufikisha nyumbani, lakini dawa yake ni upepo wa kutosha. Baiskeli ya umeme inakutana na mashimo ikiwa na uzito wa betri na mota juu ya uzito wako, tena kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa pale ambapo ya kawaida ingeenda 15.

Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni kesi nyingine kabisa. Nitairudia kwenye pancha zinazojirudia.

Na mpasuko mrefu, wa nusu inchi au zaidi, hauzibiki kwa kiraka. Hapo ndipo tyubu ya akiba inapohitajika, na hapo ndipo gurudumu lazima litoke. Kama na tairi lenyewe limechanika, weka kitu kati ya tairi na tyubu kabla ya kujaza: kipande cha tyubu kuukuu kilichokunjwa mara mbili, au kipande cha mrija wa dawa ya meno uliooshwa. Mrija huo ni mwembamba, mgumu, na haukatiki ovyo. Jaza upepo wa kiasi, nenda polepole, na ukifika mjini nunua tairi.

Jioni limejaa, asubuhi limelala

Anza na valvu, maana ndiyo rahisi kupima na ndiyo inayosahaulika. Tia mate au povu la sabuni kwenye mdomo wake usubiri. Kipovu kikikua, umeshapata jibu.

Valvu nene kama ya pikipiki na gari ina kijiti ndani kinachokazwa kwa kifuniko chenye meno au kifaa kidogo kinachouzwa kwenye duka lolote la vipuri vya bodaboda. Mara nyingi robo mzunguko inatosha. Valvu ya kizamani, ile ya baiskeli nyeusi za kubebea mizigo, ina kipira chembamba kinachovalishwa kwenye kijiti. Kipira hicho kinaoza kwa joto na kupasuka. Kinauzwa bei ndogo sana, kwa hiyo beba viwili.

Valvu ikiwa salama, tumbukiza tyubu kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, ukiivuta kidogo ili tundu lifunguke. Angalia sana kingo za viraka vya zamani.

Pancha inarudi kila wiki

Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Wanaziba, wanaondoka, siku tatu baadaye wamerudi kwa fundi yuleyule, na lawama zinaangukia kiraka. Mara nyingi kiraka hakina kosa.

Jiwekee desturi moja: kila unaporudisha tairi, panga maandishi makubwa ya ubavuni yakae sawa na valvu. Siku ya pancha, pima kwa viganja umbali kutoka valvu hadi kwenye tundu, kisha tafuta umbali huohuo kwenye tairi. Tundu la leo likiwa karibu na la wiki iliyopita, kitu bado kimo ndani ya tairi. Matundu yakitangatanga huku na huko, basi tairi limekwisha na kila kijiwe sasa kinapenya. La nyuma huisha mapema kuliko la mbele, kwa sababu linabeba mwili wako na linasukumwa na mota.

Matundu yakiwa upande wa rimu, vua tairi lote uangalie ule ukanda unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa umesogea, umekauka au umepasuka, vichwa vya spoki vinaisugua tyubu taratibu mpaka inatoboka. Magurudumu yenye mota yana spoki nene na fupi zilizokazwa kwa nguvu, na gurudumu likipangwa upya kwa fundi, ncha ya spoki huweza kutokeza juu ya kichwa chake. Ipige tupa mpaka iwe laini, kisha weka ukanda mpya. Ukikosa ukanda, kata pete ndefu kutoka kwenye tyubu kuukuu ya kipimo hichohicho, kisha toboa tundu la valvu.

Valvu imeinama, au imeng'oka shinani

Tatizo hili sikuwahi kulijua nilipoendesha baiskeli ya kawaida. Unatoka asubuhi valvu imesimama wima, jioni imeinama kama mti wa pwani, na wiki mbili baadaye inachanika pale inapoungana na tyubu. Kiraka hakishiki hapo, tyubu imekufa.

Sababu yake ni nguvu ya mota. Unapoondoka kwenye taa, mota inazungusha rimu kwa ghafla, na tairi lenye upepo mdogo linateleza juu ya rimu badala ya kwenda nayo. Tyubu inafuata tairi, valvu imeshikwa na tundu la rimu, kwa hiyo shina ndilo linalovutwa. Breki kali ya nyuma hufanya vilevile kwa upande wa pili.

Ukiiona imeinama, toa upepo wote, bonyeza tairi kuzunguka pande zote mbili ili lijinasue, lisukume mpaka valvu isimame, kisha jaza upepo kufikia kipimo. Usivute valvu yenyewe. Na ile nati ndogo ya shina, kama ipo, usiikaze kwa koleo. Iache ilegee kidogo ili uone mapema shina likianza kuinama.

Kipimo chenyewe kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kiwango cha chini na cha juu, kwa PSI au kwa bari, ambavyo ni vipimo vya mgandamizo wa upepo. Bari moja ni takriban PSI 14.5. Matairi manene ya inchi nne hukaa kati ya PSI 15 na 25. Yale ya 26 x 1.95 huwa vizuri kwenye 40 hadi 50 hivi, la nyuma likizidi la mbele kidogo. Kwa baiskeli ya umeme mimi hukaa nusu ya juu ya kipimo kilichoandikwa, na hupima kila wiki kwa geji. Kulibonyeza kwa kidole gumba hakutoshi: tairi la PSI 30 na la PSI 45 kidole hakiyatofautishi.

Kwenye kompresa ya kituo cha mafuta, jaza kwa vipindi vya sekunde moja moja. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo, na kompresa ya magari inaivusha kipimo kabla hujainua kichwa.

Betri inaisha kabla ya safari yako ya kawaida

Kabla ya kuituhumu betri, pima upepo. Tairi lililolegea linajikunja kila linapogusa lami, na kila mkunjo unakula umeme. Nimewaona madereva wa vifurushi waliokaribia kununua betri mpya wakati tatizo lilikuwa PSI 20 kwenye tairi linalotaka 45. Kisha inua gurudumu ulizungushe kwa mkono: likisugua breki, utasikia mkwaruzo ukijirudia. La mota litakuwa zito kidogo kuliko la mbele, hilo ni kawaida. Yote mawili yakiwa sawa, sasa zungumza habari ya betri.

Kiraka kimebanduka

Karibu kila mara ni haraka. Tyubu mpya ina unga na mafuta ya kiwandani juu yake. Isugue kwa msasa mpaka iwe butu, eneo kubwa kuliko kiraka. Futa vumbi. Paka solusheni, yaani gundi ya viraka, safu nyembamba, halafu subiri. Isubiri kweli, dakika tatu hadi tano, mpaka ising'ae na isinate kwenye kucha. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, na joto la lami linamalizia kazi ya kuibandua. Weka kiraka, kandamiza kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni. Paka poda ya watoto juu ili tyubu isigande kwenye tairi.

Jasho la mikono nalo ni adui. Kausha vidole kabla, na ukigusa pale uliposugua, sugua upya.

Kwa mafundi wa bodaboda wanaobandika kiraka cha moto, omba kwa adabu cha baridi. Tyubu ya pikipiki ni nene na inavumilia. Ya baiskeli ikikaa motoni kidogo zaidi inakakamaa na kupasuka pembeni ya kiraka.

Limepasuka likiwa limeegeshwa juani

Watu husema jua limelipasua. Hebu tufanye hesabu. Tairi lenye PSI 50 asubuhi kwenye nyuzi 25, likipanda hadi nyuzi 50 mchana, linaongezeka PSI tano hivi. Tairi zima halipasuki kwa hizo tano. Kilichopasuka kilikuwa tayari na udhaifu: tyubu iliyobanwa chini ya ukingo wakati wa kurudisha, tairi lenye uvimbe ubavuni, au upepo uliojazwa kupita kipimo. Baada ya kurudisha tairi, zungusha gurudumu ukitazama ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Ukiwa umbali sawa kote, tairi limekaa. Ukizama mahali, toa upepo, kanda hapo kwa mikono, jaza tena. Tairi lenye uvimbe halina dawa, litupe.

Gurudumu limerudi, mota haiitiki

Kama ulilazimika kulitoa gurudumu la mota, hofu hii utaijua. Unawasha, kioo kinawaka, labda kinaonyesha namba ya hitilafu, na baiskeli haiendi.

Tazama plagi ya mota kwanza. Kwenye baiskeli nyingi ni plagi ya duara, ina mishale miwili midogo inayopaswa kutazamana. Inaingizwa na kutolewa kwa kuvuta moja kwa moja. Ukiizungusha, pini nyembamba za ndani zinapinda. Isukume mpaka mstari uliochorwa juu yake ufunikwe. Pini ikiwa imepinda, inyooshe kwa ncha ya sindano, betri ikiwa nje. Kisha angalia kama kishikio cha breki kinarudi hadi mwisho: baiskeli nyingi hukata umeme unapokamata breki, na kishikio kilichobaki nusu kinaiambia mota isimame.

Mota ikizunguka lakini ekseli inacheza kwenye fremu, simama hapohapo. Ekseli ina pande bapa, na washa yenye ulimi inayoingia kwenye mkato wa fremu ili isizunguke. Washa ikirudishwa vibaya au nati ikiwa imelegea, ekseli hujizungusha na kusokota waya mpaka unakatika, na hilo si tatizo la kutengeneza kando ya barabara. Ndiyo maana, kabla ya kufungua nati, piga picha kwa simu pande zote mbili. Waya utoke ukitazama chini, maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia kwenye mota. Kaza kwa spana ndefu, na kaza tena baada ya safari ya kwanza.

Wakati gurudumu liko nje usikamate breki ya mafuta. Pedi zitabanana. Chomeka kipande cha kadi ngumu katikati yake.

Mkoba wenye vifaa ambavyo havikusaidii

Tatizo la mwisho linajulikana siku ya shida tu: tyubu ya akiba ina tundu kabla haijatumika. Imelala miezi sita pamoja na spana, na kila tuta spana inaichuna. Ivalishe soksi kuukuu, paka poda, na spana nazo uzikunje kwenye kitambaa. Kitambaa hicho ndicho utakachofutia mikono.

Ninachobeba mimi: vijiko vitatu vya tairi vya plastiki ngumu (vya chuma hutoboa tyubu na kukwaruza rimu), spana 15 na 18, funguo za pembe sita namba 4, 5 na 6, koleo ndogo, viraka, msasa, solusheni mbili, maana iliyofunguliwa hukauka hata ukiifunga vizuri, pampu ya mkono, kamba za plastiki za kufungia na kalamu. Usininakili spana. Nenda kwenye baiskeli yako ujaribu kila nati, maana baadhi ya mota zina nati za 17 au 19. Pampu ya umeme ni nzuri ikiwa na chaji, lakini ya mkono ibaki mkobani. Kwa tairi la inchi nne chagua yenye bomba nene, ile nyembamba ya baiskeli za mbio itakuchosha kabla tairi halijasimama.

Mkoba uning'inie ndani ya pembetatu ya fremu kama kuna nafasi. Chini ya siti hurukaruka na kukatika kamba kwenye barabara mbovu. Usiweke chuma chochote kitupu karibu na midomo ya betri.

Na jua kipimo cha tairi lako kwa namba ndogo, zile mbili zenye kistari katikati: upana, kisha kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Dukani ukisema "tairi la ishirini na nane" utapewa la baiskeli nyeusi, ambalo kipenyo chake ni 635, na rimu yako ni 622, halitakaa. Vilevile 26 yenye 590 haivai kwenye rimu ya 559. Ziandike namba hizo kwa wino usiofutika ndani ya mfuniko wa mkoba, ili hata anayetumwa dukani kwa bodaboda akuletee la kwako.